Kabla ya Hamsini na Saba

Maharage yalibandikwa saa kumi jioni. Saa moja yalikuwa yanatokota vizuri, mfuniko unagongagonga, na mpishi wetu wa siku hiyo akatangaza kwamba bado kidogo tu. Saa mbili alionja punje moja, akaitema kimyakimya gizani. Ilipofika saa tatu na nusu usiku, watu kumi na mmoja waliovaa kila nguo waliyokuja nayo walikuwa wameizunguka sufuria ile kama wagonjwa kwenye dirisha la dawa, baridi ya Julai ya uwanda wa Kitulo ikiwatafuna vidole. Tulilala na mkate na chai.

Mpishi hakuwa na kosa. Kosa lilifanyika wiki tatu kabla, Dar es Salaam, kwenye kikao cha maandalizi, pale mmoja wetu alipoandika "maharage kilo tano" na sote tukaitikia. Usawa wa bahari maji huchemka yakifika nyuzijoto 100. Panda mita 2,600, ambako hewa ni nyepesi, nayo yataanza kuchemka yakiwa kwenye nyuzi 91 hivi. Hapo ongeza mkaa upendavyo: yatatokota na kukauka, lakini hayatapata moto zaidi ya huo. Asubuhi yake mama mmoja wa Matamba, kulekule mlimani, aliyetuuzia viazi alitusikiliza mkasa wetu mpaka mwisho, akacheka kwa adabu, kisha akauliza: "Sasa ninyi hamkuyaloweka?"

Nimekwenda Kitulo mara mbili na kundi hilohilo, mara moja kiangazi na mara moja wakati wa mvua. Nikiulizwa namna ya kupanga safari ya magari kadhaa na mahema milimani, huwa nasema neno moja ambalo halihusu mahema wala magari: mlimani hakuna kikao. Kila kitakachogombaniwa kule juu kigombanieni huku chini, penye feni na soda baridi. Mkishafika juu hamtakuwa watu walewale. Njaa ina kura yake, baridi ina kura yake, na kiburi cha mwenye gari kina kura mbili.

Kwa asiyepajua, Kitulo ni uwanda wa nyasi uliokaa juu ya milima kati ya Mbeya na Makete, umezingirwa na safu za Kipengere, Poroto na Livingstone. Mlima Mtorwi, wenye mita 2,961, uko humohumo. Ramani za wakoloni ziliuita uwanda wa Elton, kwa jina la Mwingereza mmoja aliyepita huko miaka ya 1870. Wenyeji wao wanapaita Bustani ya Mungu, na sioni haja ya kueleza jina gani linapafaa zaidi. Mwaka 2005 palitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 413 hivi, hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Aina za okidi peke yake ni 45. Mwaka huohuo wanasayansi waliutangazia ulimwengu habari ya kipunji, nyani wa misitu ya Rungwe na Livingstone ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimsimulia siku zote. Usiende ukitarajia kumwona. Kwenye safari zetu zote mbili tumeona ndege, kondoo na fundi wetu akiwa chini ya gari.

Sasa hapo kwenye maua ndipo penye mtego. Kitulo huchanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, yaani wakati uleule ambao mvua za Nyanda za Juu Kusini zinanyesha na barabara zake zimegeuka uji. Kuanzia Juni mpaka Septemba barabara inakuwa ngumu, mbingu ya bluu, usiku una nyota za kutosha kugawia mikoa mingine, na hakuna ua. Nyasi zimekauka rangi ya simba, na alfajiri zinakuwa na umande ulioganda. Kwa hiyo swali la kwanza la mpango ni hili: mnataka maua au mnataka barabara? Makundi mengi hayajiulizi. Yanafungua kalenda, yanatafuta sikukuu iliyoangukia karibu na Ijumaa, basi. Sisi tulichagua Sabasaba. Tukaenda kuona bustani wakati bustani imelala.

*

Nianze na watu, maana magari yana fundi na watu hawana.

Tulipofungua kundi la WhatsApp, walioandika "nipo" walikuwa 23. Kwa wiki mbili kundi lilijaa picha za Land Cruiser zikivuka mito ya nchi tusizozijua. Kisha mweka hazina wetu, muuguzi ambaye sote tunamwita Sista, akatuma ujumbe mfupi: kianzio kilipwe kwa simu kabla ya Ijumaa saa sita usiku, na asiyelipa hana kiti. Ijumaa hiyo usiku tulikuwa kumi na mmoja. Wawili walianza kunung'unika kwamba Sista ni mkali. Hawakusafiri, na mpaka leo wanaulizia safari ijayo ni lini.

Sista ana kaunta buku la kurasa 96, jalada jeusi lenye mgongo mwekundu, na humo ndimo katiba yetu ilimo. Nitaitaja kidogo, kwa sababu urafiki mwingi huvunjikia kwenye mafuta. Mwenye gari hachangii mafuta. Amekwisha kutoa gari. Abiria wanagawana mafuta yote ya magari yote kwa vichwa, hata kama wewe ulipanda lile linalobana matumizi. Pancha, betri na mengine ya kawaida ni juu ya mwenye gari. Gari likiharibika mlimani, gharama ya kulivuta inatoka kwenye mfuko wa wote. Kipengele hicho cha mwisho kilijadiliwa karibu saa nzima, na shemeji yangu ndiye aliyekipigania kuliko wote. Msomaji amkumbuke shemeji huyu.

Hesabu ya mafuta ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ila wengi wanaikosea mahali pamoja: wanahesabu kilomita za lami na za mlima kwa kipimo kimoja. Kutoka Dar es Salaam mpaka Chimala, chini ya mlima, ni kama kilomita 750, kwenda na kurudi 1,500. Land Cruiser Mkonga tuliyokuwa nayo, ile injini kubwa ya dizeli isiyo na turbo, kwenye lami ilikuwa inakwenda kilomita saba na kitu kwa lita. Mlimani, kwa gia nzito, ilitupa nne. Kilomita 200 tu za kuzunguka juu zilikula mafuta ambayo barabarani yangetufikisha Mikumi na kutuvusha. Kwa hiyo mnajaza matangi Chimala, mnabeba madumu ya chuma yaliyofungwa nje ya chumba cha abiria, na mnaandika kila lita. Malipo ya hifadhi nayo msiyaache yawe ya kuulizana mnapofika. TANAPA hawapokei fedha mkononi, na kuhangaikia mtandao wa simu getini huku magari manne yanawaka ni mwanzo mbaya wa mapumziko.

*

Magari yetu ya safari ya kwanza yalikuwa Mkonga, Prado, Defender ya zamani na Rav4. Mkonga linaendeshwa na mzee aliyestaafu udereva serikalini, ambaye kwa miaka thelathini aliwapeleka mabwana shamba mahali ambapo barabara iliishia njiani. Hapigi stori akiwa kwenye usukani. Rav4 ni la shemeji.

Fundi aliyakagua yote wiki mbili kabla ya safari, na hizo wiki mbili alizisisitiza mwenyewe. Alisema spea mpya hujaribiwa Mbezi, haijaribiwi Makambako. Ukifunga hosi ya rejeta jana na leo ukaondoka, wewe ndiye jaribio. Aliangalia breki na mafuta yake, feni belti, bushi, nati za magurudumu, na kama jeki ya kila gari inainua kweli gari hilo. Ya Prado haikuinua. Alipofika kwenye Rav4 alizunguka mara mbili, akachuchumaa, akapima kwa shubiri nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na sakafu, akanyanyuka, akajifuta mikono.

"Shemeji, hili gari ni zuri sana," alisema.

Sote tulielewa isipokuwa mwenye gari.

Kikaoni hatukuwa na ujasiri wa kumwambia. Ni shemeji wa mtu, amelipa kianzio wa kwanza, mke wake ndiye aliyepika pilau la kikao. Tukajidanganya kwamba kiangazi hakuna tope. Ukweli ni kwamba msafara wa magari hauendi kwa uwezo wa gari lenye nguvu. Unakwenda kwa uwezo wa lile dhaifu, na dhaifu likikwama, nguvu zote za yale mengine zinageuka kuwa za kulivuta. Rav4 ni gari la kufaa mji, hata vijijini linafika. Lakini halina gia nzito za kupandia na kushukia mlima, na hilo ndilo lililotugharimu, tena siku ya kushuka.

*

Barabara kuu ya TANZAM ukiijua utaipenda. Mnatoka Dar alfajiri, mnapita katikati ya Mikumi polepole kwa sababu twiga hawana taa za nyuma, mnanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni ambavyo hamvihitaji, mnapanda Kitonga nyuma ya malori ya Tunduma yanayohema, na jioni mko Iringa. Laleni hapo. Sisi tulikuwa na mwenzetu aliyetaka tuunganishe usiku kucha. Sista alimjibu kwa mambo mawili: dereva aliyelala ni nafuu kuliko chumba cha wagonjwa, na Iringa iko juu kiasi, kwa hiyo mwili wa mtu wa Dar unapata usiku mmoja wa kuzoea kabla ya kupandishwa mita 2,600. Waliokaidi ushauri wake wa kunywa maji mengi na kuacha bia waliamka Kitulo wakiwa na vichwa vinavyogonga.

Siku ya pili ni Mafinga na harufu ya mbao, Makambako na upepo wake, kisha mnateremka kuelekea bonde la Usangu, na mchana mnaingia Chimala. Kaskazini ya barabara ni tambarare la mpunga wa Mbarali. Kusini ni ukuta. Hakuna maandalizi ya macho. Mlima umesimama pale kama mtu aliyekuja kudai. Na juu ya ukuta huo kuna mstari mwembamba wa vumbi unaokwenda kushoto, unarudi kulia, unakwenda tena kushoto, mpaka unaingia mawinguni.

Mstari huo unaitwa Hamsini na Saba. Ni idadi ya kona zake.

Nimekuwa nikijaribu kuzihesabu. Wenzangu pia. Safari ya kwanza mmoja alipata 54, mwingine 61, na mtoto wa Sista, aliyekuwa makini kuliko sote, alilala kwenye ya thelathini. Kona nyingi ni za kugeuka nyuma kabisa: unakata usukani mpaka mwisho, bonde linahama kutoka dirisha la kushoto kwenda la kulia, na boneti linakuonyesha anga badala ya barabara. Malori ya Fuso yaliyojaa viazi yanashuka humohumo. Ukisikia honi, tafuta pa kujibanza kwanza, halafu ndipo uulize iko wapi.

Hapa ndipo kanuni za msafara zinakuwa na maana, nazo ni chache. Gari moja kwa kona moja: la nyuma linasubiri mpaka la mbele liwe limenyooka, kwa sababu likirudi nyuma halitakuwa na muda wa kuomba radhi. Kila dereva anamlinda aliye nyuma yake, si aliye mbele. Usipomwona kwenye kioo, simama, na aliye mbele yako naye atasimama kwa sababu hakuoni wewe, mpaka msafara wote utulie bila mtu kupiga simu. Mtandao kule huja na kuondoka kama mgeni wa posa. Na injini zisizo na turbo msizishangae. Juu kule hewa imepungua karibu robo, kwa hiyo nguvu nazo zimepungua karibu robo. Mkonga lilipanda likitoa moshi mweusi na kulalamika, lakini kwa gia nzito halikusimama hata mara moja. Kwenye kiti cha nyuma pakiti za krispi zilikuwa zimevimba kama maputo. Moja ilipasuka kwenye kona ya arobaini na kitu, na Prado zima likadhani ni tairi.

Kushuka ndiko kulikotupa somo. Siku ya tano, asubuhi nzuri, shemeji alitangulia. Alikuwa ameweka gia kwenye D na kuacha mguu uning'inie juu ya breki, kama anavyoshuka daraja la Kijazi pale Ubungo. Kwenye kona ya kumi na kitu tulisikia harufu, ile ya chuma na manyoya yaliyoungua, kisha tukaona moshi mwembamba ukitoka magurudumu ya mbele. Alisimamisha gari kwa kulibana kwenye ukingo wa ndani. Alipotoka, miguu yake haikuwa na hakika na ardhi. Alisema pedeli ilikuwa imeanza kuzama kama anakanyaga sifongo.

Tuliweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Mtu mmoja alikimbia na dumu la maji, Fundi akampigia kelele ambazo sijawahi kumsikia akipiga: disiki yenye moto ikimwagiwa maji baridi inapinda au kupasuka. Hakuna cha kufanya ila kungoja. Tulingoja saa nzima, tukiangalia Usangu kule chini, mashamba kama viraka vya kanga, na reli ya TAZARA kama uzi. Wakati tunangoja, mzee wa Mkonga alitamka sentensi yake ndefu kuliko zote za safari hiyo.

"Breki si ya kushukia, mwanangu. Breki ni ya kusimamia. Kushuka shuka na gia uliyopandia."

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyozeeka, na yenye unyevu huchemka mapema. Yakichemka yanakuwa na mapovu, na povu halisukumi kitu. Hayo Fundi aliyaeleza baadaye. Lakini sentensi ya mzee ndiyo iliyoandikwa kwenye kaunta buku, ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu.

*

Kuhusu kulala, nina jambo moja tu ambalo nataka lisomwe mara mbili. Hema zetu nyingi zilikuwa za ufukweni, nyembamba, na tulidhani baridi inatoka juu. Inatoka chini. Blanketi tatu juu yako na mkeka mmoja chini yako ni sawa na kulala kwenye barafu ukiwa umejifunika vizuri. Turubai, godoro, blanketi la chini kabla ya la juu, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri miguuni: hapo utalala. Sasa jambo lenyewe. Usiku wa kwanza kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, aliingiza jiko la mkaa ndani ya hema la watu wanne na kufunga zipu. Sista alilitoa kwa mikono yake, bila glovu. Moshi wa mkaa unaouona si unaoua. Unaoua hauna rangi wala harufu. Unasinzia kwa starehe na huamki. Tangu siku hiyo, kabla ya taa kuzimwa, Sista anapita hema hadi hema kama matroni wa bweni, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumlalamikia.

*

Februari ya pili baada ya hapo tulirudi kwa ajili ya maua. Safari hii kikao kilikuwa kirefu na kisicho na pilau. Tuliamua mambo matatu. Rav4 litabaki Chimala, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, na shemeji atapanda Mkonga. Nilimwambia mimi, kwa sababu ni wangu, na alinyamaza siku mbili. La pili, tutakuwa na siku moja ya akiba, isiyo na ratiba, inayolipiwa kama nyingine. Wengi waliiona ni upotevu wa likizo. La tatu alilileta mzee: kila siku ya mlimani iwe na saa ya kugeuza. Mvua za kule hupenda kuanguka alasiri. Ikifika saa nane mchana, popote tulipo, tunageuza. Sista aliandika, na kila dereva akaweka sahihi. Watu walicheka walipokuwa wanasaini.

Hamsini na Saba tuliipanda asubuhi, pamelowa lakini panashika. Tulikuwa tumepunguza upepo wa matairi kidogo ili yakanyage kwa upana, na tulikuwa na pampu ya kuyarudishia. Tulilala Matamba. Siku iliyofuata tulichelewa kutoka, kwa sababu za kawaida: viatu vya mtu, chai ya mtu, karatasi za mtu. Tukaondoka saa nne. Saa tano na nusu Prado liliingia kwenye kidimbwi cha udongo mweusi kilichoonekana cha kawaida, likakaa. Yaani lilikaa kama ng'ombe aliyechoka, mpaka vizingiti vya milango vikagusa maji.

Kulitoa kulichukua saa mbili. Tulichimba, tukatandika mawe na matawi makavu, tukafunga kamba ya kuvutia kwenye ndoano ya fremu. Fundi alitupa koti zito katikati ya kamba, ili ikikatika lisaidie kuipunguzia nguvu na isije ikarudi kama fimbo usoni mwa mtu, na akatufukuza wote tusimame mbali. Mtu haruki kamba iliyokazwa, hata kama ana haraka ya kupiga picha. Mkonga likavuta taratibu, gia nzito ya kwanza, bila kushtua. Prado likatoka na sauti kama mtu mkubwa anavua buti.

Tukaendelea. Na tulipopanda kilima kinachofuata, tukauona mwanzo wa uwanda: kwa mbali, ng'ambo ya bonde moja, kulikuwa na rangi ya njano iliyomwagika ubavuni mwa mlima, na nyingine nyeupe chini yake. Watu walianza kushangilia ndani ya magari. Mkonga, lililokuwa mbele, lilipunguza mwendo, likapanda kidogo ukingoni, likarudi nyuma, likageuza. Mzee alisimama ubavuni mwetu, dirisha limeshushwa. Ilikuwa saa nane na dakika tano.

"Mzee, shikamoo, lakini si tumefika!" kijana wa Defender alimwambia. "Hizo ni kilomita nne tu."

"Marahaba. Nne za kwenda," mzee alijibu, akapandisha dirisha.

Kulikuwa na dakika tatu mbaya sana. Mtu alisema tumesafiri kilomita 750 kwa ajili ya hizi nne. Mtu mwingine alitaka tupige kura. Sista, kutoka kiti cha nyuma, aliinua tu kaunta buku juu ya kichwa chake, halijafunguliwa, na magari yakageuka moja moja.

Mvua ilianguka saa tisa na nusu, tukiwa tumeshavuka kile kidimbwi. Haikuwa mvua ya matone, ilikuwa ukuta. Asubuhi tulipopita tena, ndani ya kidimbwi kilekile kulikuwa na Fuso la viazi lililolala hapo usiku kucha, dereva na utingo wake wamejikunyata ndani ya kibini na blanketi moja. Tulilivuta kwa magari mawili. Walitupa gunia la viazi, na tukawapa chai na mkate. Hiyo ilikuwa siku ya akiba. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa tatu tulikuwa katikati ya maua.

Sitayaeleza yote. Kuna ua moja refu kama mwenge, jekundu ncha na njano shingoni, linalosimama kwa mamia kwenye majimaji. Kuna okidi fupi za zambarau ambazo huzioni mpaka upige magoti, na ukishaona moja unagundua umezikanyaga tano. Mizizi ya baadhi ya okidi hizi ndiyo iliyokuwa ikichimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako wanaisaga na kupika chikanda. Biashara hiyo ni moja ya sababu za hifadhi kuanzishwa. Askari wa hifadhi aliyetuongoza hakutuhubiria. Alitupeleka tu mahali ambapo, wakati fulani, gari la watu waliokuja kutamba liliacha njia na kupita juu ya nyasi. Alama mbili zilikuwa bado zinaonekana, sambamba, zikishuka mpaka kijito. Pande zote maua. Ndani ya alama, nyasi fupi tu. Shemeji alichuchumaa, akapima kwa shubiri upana wa alama moja, kama Fundi alivyolipima gari lake.

Mchana tulikula maharage. Yalilowekwa usiku kucha Matamba na kupikwa kwa sufuria ya presha ya mke wa shemeji, ambayo ilipiga filimbi katikati ya Bustani ya Mungu bila aibu yoyote.

Tulishuka Hamsini na Saba siku iliyofuata kwa gia tuliyopandia. Shemeji alihesabu kona kwa sauti mpaka ya arobaini na moja, ndipo mzee alipomwomba anyamaze kidogo. Chimala, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, Rav4 lilikuwa safi, kavu, limekaa chini ya mwembe siku nne bila kupata hata kwaruzo. Shemeji alilizunguka, akalipapasa, akaingia, akawasha. Halikuwaka. Alikuwa ameacha taa ya ndani, na betri ilikuwa imekufa kabisa.

Kebo za kuamshia betri hazikusaidia. Ilibidi Mkonga liliburute mpaka kwa fundi umeme wa magari kule barabarani, na betri mpya inunuliwe. Shemeji alimwendea Sista na bei mkononi, akamkumbusha kipengele alichokipigania mwenyewe. Hapo chini ya mwembe kikao kikaitishwa, watu wote wapo, jua zuri, soda zimeletwa. Sista alifungua kaunta buku, akatafuta ukurasa kwa kidole, akasoma polepole: "Gari likiharibika mlimani." Akamtazama shemeji, akaitazama Chimala iliyolala sawasawa kama sinia, akafunga kitabu.

Shemeji alilipa mwenyewe.